Nepi ya Mtoto Haianikwi Mvunguni

Nakumbuka masika moja mama mkwe wangu alipoinua godoro langu mbele ya wifi zangu wawili, na harufu iliyotoka pale chini ninayo puani mpaka leo. Mwanangu, na wewe sasa umezaa, kaa nikueleze ilikuwaje. Na usinikatize. Wewe na wenzako mna ugonjwa wa kusema "najua, bibi" kabla mtu hajamaliza kupumua, na hicho mnachokijua ukikitafuta hukioni.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeolewa kutoka kijijini upande wa Peramiho, nikaletwa hapa mjini Songea, Mfaranyaki, mume wangu akiwa karani kwenye ghala la mahindi. Tulipanga vyumba viwili. Uani tulikuwa familia nne na kamba ya kuanikia ilikuwa moja, imefungwa kwenye nguzo ya jiko ikaenda mpaka kwenye mpera. Kila kilichoanikwa pale kilisomwa na uani mzima kama tangazo la kanisani.

Nikajifungua mtoto wangu wa kwanza, Laurenti. Wenzangu pale uani walikuwa na nepi nyeupe za dukani, laini, zenye manyoya manyoya kama taulo, na pini kubwa zenye vichwa vya rangi. Mimi zangu nilizikata kwenye khanga ya mama yangu iliyochakaa, na nyingine kwenye mfuko wa unga wa ngano. Enzi hizo mifuko ilikuwa ya kitambaa. Nilifua, nikasugua, maandishi hayakutoka. Mtoto ukimgeuza, matakoni ameandikwa kilo tisini.

Sasa kwetu wazee wa kike walikuwa na neno lao: nguo ya kichanga isilale nje, isije ikaokotwa na mwenye roho mbaya akaichezea. Ni neno la zamani na halikuwa na ubaya. Ukiishika mila hiyo vizuri, maana yake anua nguo za mtoto kabla jua halijazama, umande usizikute. Lakini mimi nikaliongeza urefu neno la watu. "Isilale nje" nikaigeuza kuwa "isionekane nje". Aliyeniuliza mbona sianiki, nilimjibu kwa uso mkavu kwamba kwetu nguo ya kichanga haionyeshwi watu. Basi wakaniona binti wa mila. Nepi nikawa nazitandaza chini ya godoro zikauke kwa joto la kulalia. Zilizozidi nilizitundika juu ya moshi jikoni.

Wewe unaijua Songea ikishika mvua. Wiki nzima milima ya Matogoro huioni, chumvi inalowa ndani ya mkebe, na viatu vinaota ukungu mlangoni. Kitambaa cha mkojo kilichofuliwa nusu nusu kwa aibu, kikabanwa chini ya godoro, kitakaukaje? Kilivunda. Na cha kuvunda hakina ubani.

Mtoto akaanza wekundu. Wekundu ukawa vipele, vipele vikapasuka, vikatoa maji. Analia nikimfunga, analia nikimfungua. Nikasema ni mchango wa tumbo. Kila kitu tulikuwa tunasema mchango. Nikamnywesha dawa za mizizi za jirani, na kila nilipomaliza kumnywesha nilimfunga tena kitambaa kilekile kibichi. Nyani haoni kundule, mwanangu, na mimi sikuliona la mwanangu mwenyewe niliyembeba.

Ndipo mama mkwe akaja kumwona mjukuu. Jina lake Otilia. Mwanamke mfupi, mweusi, wa sauti ndogo, na hiyo sauti ndogo ndiyo iliyokuwa inatisha. Alikuja na kapu la maharage na hao wifi zangu. Nikapiga magoti, nikamwamkia. Akaitikia, akampokea mtoto, akamfungua nepi. Akatazama. Wifi mmoja akageuza uso ukutani.

"Hizi unaanika wapi?" akaniuliza.

"Nje, mama."

"Nimepita uani. Nimeona nepi za watu watatu. Za kwako sijaziona."

"Kwetu, mama, nguo ya kichanga..."

"Kwenu ndiko kwetu," akanikata. "Usinifundishe."

Akainuka, akavuta pumzi kama mtu anayenusa maziwa, akashika godoro kwenye pindo akalipindua. Mwanangu, sitaki kukueleza yote. Zilikuwa zimebandana, zina madoa meusi ya ukungu, na yale maandishi ya unga yakitazama juu. Wifi zangu wakatoka nje.

Otilia hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda akaniambia, "Wewe huogopi wachawi. Unaogopa wanawake wenzako. Sema hivyo, nikuelewe. Umechukua maneno ya bibi zako ukayafanya pazia la aibu yako, na nyuma ya pazia mtoto anaoza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ila hiki kifo hakitaanza na wewe. Kitaanza na huyu."

Nililia. Akaniacha nilie, kisha akaniambia nikimaliza nilete debe. Tulichemsha nepi zote, tukazifua kwa sabuni ya mche, tukazisuuza mpaka maji yakawa meupe. Mvua ilikuwa imekatika kidogo mchana ule. Akazianika mwenyewe, moja moja, mwanzo wa kamba mpaka mwisho. Za unga akaziweka katikati, maandishi yakaangalia watu.

Mmoja wa wale majirani akasema, "Jamani, leo hapa pamefunguliwa duka la unga."

Otilia bila kugeuka akajibu, "Unga umekwisha, mama. Imebaki mifuko. Anayetaka wa kuzibia mdomo aje achague."

Kesho yake tulimpeleka mtoto hospitali ya misheni. Muuguzi akasema tungechelewa kidogo tu kidonda kingeingia kwenye damu, na mtoto mwenyewe hajafikisha hata miezi mitatu. Nilikuwa nimekaribia kumzika mwanangu kwa sababu ya maandishi ya mfuko. Alipona. Huyo ndiye Laurenti, leo ana mvi na anadai heshima.

Ungedhani nyumba iliyopitia hayo imejifunza. Haikujifunza. Sasa sikia ya juzi, na hapa ndipo ninapochoka kabisa.

Laurenti ana binti yake, Devota, anasuka nywele hapa Msamala, na anaishi na mimi. Ana mtoto wa miezi mitano, Kelvin, kitukuu changu. Kelvin alipozaliwa, Devota alikuwa haambiwi kitu juu ya nepi za kutupa, zile mnazoziita pampasi zote hata kama zina jina lingine. Sigombani nazo. Zina kazi yake. Ninachogombana nacho ni mtu kumvalisha mtoto moja kutoka asubuhi mpaka jioni eti bado haijajaa. "Bibi, imeandikwa inakaa saa kumi na mbili." Nikamwambia matako ya mtoto hayajui kusoma.

Halafu zikitumika, zinaenda wapi? Alianza kwa kutupa chooni. Shimo la choo nililolichimbisha lidumu mpaka nizikwe, likajaa. Nikasema basi tuzichome. Akashtuka kama nimesema tumchome mtoto mwenyewe.

"Bibi, pampasi haichomwi. Ukiichoma mtoto anaungua matako."

"Nani kakuambia?"

"Kila mtu anajua."

"Huyo kila mtu anakaa wapi, nikamwulize?"

Akacheka, akaona bibi kazeeka. Na hakuzichoma. Alizifunga kwenye kiroba akawa anatupa korongoni, kule kunakotoka kijito ambacho watu wa chini wanamwagilia mboga. Mboga hizo hizo ananunua sokoni, anasema zimestawi.

Kisha mbwa wakaanza kuzirudisha. Siku ya sala ya jumuiya ilikuwa zamu ya nyumbani kwangu, mchana, tumekaa uani kwenye mikeka na viti vya kuazima. Tumefika tendo la tatu la rozari. Mbwa wa jirani akaingia getini, polepole, kichwa juu kama katumwa, akaja mpaka katikati ya watu, akaiweka. Imepasuka, imemwaga zile punje zake kama ugali uliomwagika. Hakuna aliyekosea maneno ya sala, nawasifu. Lakini nilimwona mwenyekiti wa jumuiya akivuta gauni lake pembeni, na nilimtazama Devota, na Devota alitazama rozari yake kana kwamba ina herufi.

Baada ya aibu hiyo ndipo alipokubali. Kuna mama mmoja mjini anashona nepi za kufua, za siku hizi, wanaziita za mseto. Nilipoziona nilizigeuza mara tatu. Mwanangu, ni kitu kizuri, sitasema uongo. Nje ni chupi yenye kitambaa kisichopitisha maji, ina vifungo vya kubonyeza safu mbili tatu, mtoto akikua unasogeza kifungo. Hakuna pini ya kumchoma mtu. Ndani unaweka kitambaa kinene cha pamba, kimekunjwa. Mtoto akikojoa unatoa kile cha ndani, unaweka kingine, ile chupi ya nje kama haikuchafuka unaifuta tu inaendelea. Na ukisafiri, tuseme unaenda Namtumbo msibani na hujui kama kuna maji, unaweka ndani kipande cha kutupa, chembamba, badala ya kitambaa. Ndiyo maana ya mseto. Nilikaa nikafikiria zile kilo tisini zangu, nikamsifu aliyebuni.

Chupi ya kwanza niliiharibu mimi. Nalisema kabla Devota hajakusimulia, maana anasimulia kwa kila mteja anayekaa kwenye kiti chake. Mimi nimefundishwa na Otilia kuchemsha, basi nikaichemsha. Ilitoka kwenye sufuria imejikunja kama ngozi ya maharage. Kile kitambaa cha nje hakitaki moto. Kinataka maji ya kawaida, sabuni kidogo, na kivuli chenye upepo. Kile cha ndani ndicho kinachotaka maji ya moto na jua kali. Mama mshonaji alieleza vizuri, mimi ndiye nilisema "najua". Kumbe ugonjwa huo hauna umri.

Wiki mbili zikapita. Kelvin akaanza kulia akifunguliwa. Nikatazama. Wekundu. Vipele kwenye mikunjo ya mapaja. Mwanangu, nilishauona ule wekundu miaka hamsini iliyopita na ninajua unakokwenda.

Devota akaja juu. "Nilikwambia, bibi. Haya matambara ndiyo yanamchubua. Leo nanunua pampasi, na hizi naziweka kiroba kimoja zinaenda korongoni."

"Kabla hazijaenda," nikamwambia, "unazianika wapi?"

"Nje."

Nilisikia lile neno nikakaa chini. Hakusema "nje, mama" kwa sababu mimi ni bibi, lakini sauti ilikuwa ileile ya kwangu. Kamba yetu iko mbele ya nyumba, inatazama barabara ya bodaboda, na mimi nakaa barazani siku nzima nikichambua mchele na mambo ya watu. Nepi sijaziona. Nikainuka na magoti yangu haya, nikaingia chumbani kwake. Akanifuata anasema bibi chumba hakijafagiliwa. Nikavuta kabati. Nyuma ya kabati, kati ya mbao na ukuta, amefunga kamba ya katani, na vitambaa vimening'inia mstari mzima, vya baridi kama samaki. Nikashika kimoja, kikaacha unyevu mkononi. Nikakinusa. Sikuhitaji kukinusa mara mbili.

"Huku nyuma ndiko nje?"

"Bibi, barabarani kuna vumbi."

"Mvua imenyesha jana. Vumbi la wapi?"

Akavuta kitambaa kimoja kwenye kamba, akakikunja. Kisha ikatoka. "Mama Zawadi aliniuliza kama hali imekuwa ngumu. Mbele ya wateja. Kasema, mama Kelvin, siku hizi mtoto anavaa viraka? Sasa nikizianika pale mbele, bibi, si ndiyo nimemjibu?"

Nilitaka kumkaripia. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, maneno ya Otilia yote ninayo. Lakini nilipofungua mdomo nikamweleza ya mfuko wa unga. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu wa nyumba hii, hata Laurenti mwenyewe. Nikamweleza kwamba baba yake alivaa kilo tisini matakoni na karibu azikwe nazo, kwa sababu mama yake alikuwa na haya ya kamba ya nguo. Nikamwambia na uongo wangu wa mila niliowadanganyia watu.

Devota akacheka kwanza, kwa kile cha kilo tisini. Kisha akaacha kucheka. Akamtazama Kelvin aliyekuwa kitandani hana nepi, amenyanyua miguu hewani.

"Kwa hiyo siyo kitambaa," akasema.

"Kitambaa hakina kosa. Kosa lako na langu."

Tulikwenda kliniki siku hiyohiyo, akapewa dawa ya kupaka, na muuguzi akasema yaleyale ya Otilia kwa maneno ya kisomi: kausha vitambaa mpaka vikauke kweli, badilisha mara kwa mara, mtoto akae wazi kidogo apate hewa. Tuliporudi, Devota alichukua beseni, akafua vyote upya kwa maji ya moto, akatoka navyo mbele. Mimi sikumsaidia. Nilikaa barazani nikatazama kama atafika kwenye kamba ile au ataishia kwenye ukuta wa pembeni. Akafika. Akaanika vitambaa juani, chupi zake akazipeleka kivulini upande wa jiko.

Mama Zawadi hakukawia. Anakaa mkabala, ana macho ya kunguru.

"Mama Kelvin, viraka leo vimetoka kuota jua?"

"Vimetoka, dada," Devota akajibu, kibanio kiko mdomoni. "Ila vya kwangu vinarudi ndani jioni. Vya Zawadi jana nimevikuta korongoni vinalala peke yao."

Mwendesha bodaboda mmoja aliyekuwa anasubiri abiria akainamia usukani akicheka. Mama Zawadi akasonya, akaingia ndani. Wamesalimiana tangu siku ile, lakini kwa mbali. Vipele vya Kelvin vilikauka, ngozi ikarudi, sasa analala. Na hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka, heshima ya Mama Zawadi ijitafutie yenyewe.

Sasa sikiliza, mwanangu, nikuweke wazi usije ukasema bibi alizunguka. Hizi nepi za mseto ni kitu chema. Unanunua chache, zinamlea mtoto mpaka anaanza kwenda chooni, na mdogo wake atazikuta. Hazijazi shimo, hazilishi mbwa, hazishuki na kijito kwenye mboga za watu. Lakini ukizitaka, zitake na kazi yake. Kinyesi kikung'utie chooni kwanza. Usiloweke siku tatu kwenye ndoo ukasema utafua. Sabuni kidogo, suuza sana. Cha ndani kipe jua mpaka kiwe kikavu ndani ya pindo, siyo juu juu. Shika pindo kwa vidole, usishike katikati ukajidanganya. Mvua ikikaa wiki, piga pasi, au tumia kile cha kutupa mpaka jua litoke, hakuna dhambi. Cha kutupa ukishakitumia, kifunge, kiende kwenye taka inayochukuliwa au shimo lenye mfuniko. Na kama lazima kichomwe, kichome mbali na watu, moshi wake mbaya. Mtoto wako hataungua. Nimeishi miaka hii yote, sijaona matako yaliyoungua kwa moto uliowashwa nyuma ya nyumba. Niliyoyaona yameungua yaliungua kwa mkojo, na mama amekaa pembeni.

Mila ya kuanua nguo ya kichanga kabla ya jua kuzama, ishike. Ni nzuri. Lakini usiiongezee urefu ili ufunike nayo unachokionea haya. Mficha uchi hazai, na ukishazaa, mwanangu, huna tena cha kuficha. Uani mzima walikusikia ukipiga kelele. Watakaocheka kamba yako wacha wacheke, hawatakuja kukesha na mtoto wako akiwaka homa. Kama huna nepi nzuri, anika mbaya. Kama una swali, uliza, hata mimi nitakujibu, nikishamaliza kununa.

Haya. Inuka, mtoto wako analia, kamtazame kabla hujanijibu. Mungu akupe maji karibu, na jua la saa nne, na mkono usiochoka kufua. Akupe jirani mwenye mdomo mrefu ili ujifunze kujibu, na mama mkwe mwenye pua kali ili akuwahi. Mwanao akue ngozi safi, atembee mbele yako, akuzike yeye, wewe usije ukamzika. Amina.